Nilivyowazoesha wateja wangu kutunza kucha wakiwa nyumbani

Dada mmoja alirudi siku ya tisa baada ya kumpaka jeli, ile rangi ya kucha inayokaushwa kwa taa. Hakukaa. Alisimama karibu na meza akaninyooshea mkono wa kulia. Kucha mbili zilikuwa tupu, na kwenye kidole gumba sehemu ya katikati ilikuwa nyeupe, imechunika magamba magamba. "Jeli yako haishiki," akaniambia.

Nikamwomba akae, nikawasha taa ya mezani, nikaushika ule mkono. Jeli ikiachia yenyewe, mara nyingi huacha uso wa kucha ukiwa laini. Huu ulikuwa umekwaruzika, na nilipopitisha kidole juu yake nilihisi kingo ndogo ndogo, kila ukingo ni tabaka la kucha lililoondoka pamoja na jeli. Nikamuuliza taratibu ilianzaje. Akasema iliinuka kidogo pembeni, ikawa inanasa nywele kila akijichana, akawa anaichokonoa bila hata kujitambua, hadi usiku mmoja amejilaza na simu akaivuta ikatoka nzima.

Nilikuwa nimemwambia asiibandue. Nina hakika, maana nilikuwa namwambia kila mtu: vaa glavu, paka mafuta, usibandue, usifungulie vitu kwa kucha, usiloweke mikono kwenye maji ya moto, rudi baada ya wiki tatu. Yote kwa pumzi moja, mteja keshasimama, anatafuta hela kwenye pochi, anaigeuza mikono yake kwenye mwanga aone rangi. Ananiitikia "sawa, sawa." Nilikuwa hata na karatasi niliyoichapisha yenye mambo kumi ya kuzingatia, na nyingi nilikuwa nazikuta zimeachwa kwenye kiti.

Siku ile nilimhudumia, sikubishana naye. Lakini iliniuma, kwa sababu kucha ikishachunika hakuna cha kuipaka ikapona. Ile sehemu ngumu tunayoipaka rangi ni keratini, aina ya protini ngumu isiyo na uhai, kwa hiyo palipoharibika hapajizibi. Panasukumwa mbele taratibu hadi pakatwe. Kucha ya mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, na kujibadilisha yote kutoka mzizini hadi nchani huchukua miezi 4 hadi 6. Za miguuni ni polepole zaidi, na ya kidole gumba huweza kufika mwaka na nusu. Kuvuta kwa dakika moja kulikuwa kumemgharimu dada yule karibu nusu mwaka, na mimi nilikuwa na sehemu yangu katika hilo, kwa sababu nilimpa onyo lakini sikumpa njia.

Nilianza kwa kubadilisha wakati wa mazungumzo. Nikiwa napiga tupa, mkono wa mteja uko mkononi mwangu, simu hawezi kuishika, na macho yake yako kwenye kucha. Hapo ndipo mtu anaposikia. Tena nikagundua ni bora kuzungumza mwanzo kabisa, kabla hatujachagua urefu wala aina, maana majibu yake ndiyo yanayoniambia nifanye kazi gani.

Swali langu siku hizi ni hili: "Mikono hii inafanya nini kutwa nzima?" Halafu nanyamaza. Watu wanaeleza mambo ambayo nisingeyajua kamwe kwa kutazama. Mmoja anafua kwa mkono kila siku, mwingine anafungua maboksi kazini, mwingine anacheza gitaa, na mwingine anang'ata kucha akiwa na mawazo na anaona aibu kulisema hilo mpaka umuulize kwa upole.

Kuna mama aliyekuja akiwa na mtoto mchanga nyumbani. Alitaka kucha ndefu za akriliki, zile za bandia zinazojengwa juu ya kucha halisi, na kila alipoziweka zilikuwa zinaachia ndani ya wiki mbili. Zamani ningemwambia "vaa glavu" na kuishia hapo. Safari hii nilimuuliza kuhusu maji. Akahesabu kwa sauti: vyombo, nepi, nguo ndogo ndogo, kumwogesha mtoto, na kunawa kabla ya kila kunyonyesha. Mikono yake ilikuwa inaloa na kukauka zaidi ya mara ishirini kwa siku. Kucha hunyonya maji ikavimba na kulegea, ikikauka inasinyaa, na jeli au akriliki iliyo juu yake haivimbi kwa kiasi hicho. Kila mzunguko wa kuloa na kukauka unavuta ule mshikamano kidogo. Ndiyo maana hata mimi siku hizi silowekei vidole vya mteja kwenye bakuli la maji kabla ya kupaka. Nafanya kazi kwenye kucha kavu.

Nikamwuliza mama kwa nini havai glavu. Jibu lake lilinifundisha: "Dada, ninazo. Ziko kabatini. Mtoto akilia siwezi kwenda kuzitafuta." Na hata akizivaa, alisema, mikono inatokwa na jasho. Kwa hiyo tulikubaliana mambo mawili tu. Glavu zikae zimening'inizwa kwenye ndoano palepale penye bomba, na ndani yake avae glavu nyembamba za pamba za kunyonya jasho. Zile kucha ndefu nilimshauri aache kwa miezi kadhaa, na nikamfanyia fupi zisizopita ncha ya kidole. Kucha ndefu ni kama mpini: ukiigonga nchani, nguvu yote inakwenda kukwanyua kule chini inakoshikia. Hakufurahi sana siku ile. Lakini zilikaa wiki tatu na nusu bila hata moja kuachia, na ndivyo nilivyoelewa kwamba utunzaji wa nyumbani unaanzia kwenye urefu ninaokubali kuuweka mezani kwangu. Kumpa mtu kucha zisizofanana na maisha yake halafu kumlaumu kwa kutozitunza ni kumwonea.

Vivyo hivyo kwa nesi mmoja aliyekuwa akiniomba kucha za bandia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unawataka wahudumu wa afya wanaogusa wagonjwa wasivae kucha za bandia, na kucha zao za asili ziwe fupi. Hapo hakuna ushauri wa nyumbani wa kuokoa kitu. Nilimkatalia. Namsafishia, namkatia, na kwa sababu vitakasa mikono vya alkoholi vinamkausha sana ngozi, kazi yangu kubwa kwake ni mafuta.

Mafuta ndiyo niliyohangaika nayo kuliko yote, maana kila mteja anakubali kwamba ni mazuri na karibu wote wanayasahau. Nilijaribu kuwakumbusha, nikajaribu kuwauzia chupa, wapi. Kilichosaidia ni kuyafunga kwenye jambo ambalo mtu tayari analifanya kila siku bila kukumbushwa. Namuuliza, "Usiku kitu cha mwisho kabla ya kulala unafanya nini?" Wengi wanasema wanaweka simu kwenye chaji. Basi kachupa kakae hapo hapo penye chaja. Nampa mwenyewe apake mbele yangu. Tone dogo kwenye mzizi wa kila kucha, kisha kidole gumba cha mkono mwingine kinazungusha, kinapita pembeni, kinamalizia chini ya ncha. Vidole kumi havimalizi dakika mbili. Nilipoanza kumwachia mteja afanye kwa mkono wake badala ya kumfanyia mimi, niliona tofauti waliporudi, kwenye ile ngozi inayozunguka kucha. Haikuwa tena na vinyuzi vilivyokauka. Ninamtahadharisha tu asipake asubuhi ya siku anayokuja kwangu, kwa sababu mafuta yakibaki kwenye kucha, rangi haishiki.

Nimeacha pia kuuliza "umeelewa?" Hakuna mtu atakayekujibu hapana. Sasa nauliza, "Ukifika nyumbani, ukaona moja imeanza kuinuka pembeni, utafanyaje?" Wa kwanza niliyemuuliza hivyo alikuwa mteja wangu wa miaka miwili, nimemwambia habari za kutobandua pengine mara thelathini. Akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Nitaweka gundi." Nilishtuka.

Nilimweleza kwa nini hapana. Ukibandika gundi juu ya kucha iliyoachia, unafungia ndani maji na uchafu uliokwisha kuingia. Bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa anapenda mahali kama hapo, penye unyevu usiokauka, na anaacha doa la kijani kwenye kucha. Nimeliona doa hilo kwa macho yangu, kijani kibichi chenye weusi kidogo, kwa mteja aliyetaka nimpake rangi nyeusi juu yake alifiche. Nilimwondolea kila kitu, nikamwambia akae na kucha kavu bila kitu juu, na nikamwelekeza kwa daktari, kwa sababu mimi si wa kusema huu ni ugonjwa gani na unatibiwa vipi. Alinuna. Baadaye alirudi na tunaendelea vizuri.

Lakini kilichobadilisha mambo kuliko yote hayo ni namna ninavyompokea mtu aliyekosea. Nilipoanza kuwasikiliza, nikagundua wengi wanabandua kwa sababu ya aibu na kukosa njia. Wanajua nitawagombeza. Hawajui kama nitawatoza tena. Wanaona kucha moja iliyoachia ni jambo dogo mno la kumsumbulia mtu, na huku inawanasa kwenye nguo siku nzima. Wafanye nini? Wanavuta.

Nikaweka utaratibu: kucha moja au mbili zikiachia ndani ya siku saba, njoo, nakurekebishia bila malipo, hata kama umeigonga mwenyewe. Kama huwezi kuja siku hiyo, kata ile ncha iwe fupi, piga tupa kingo zisinase, funga plasta, usiingize kitu chini yake. Maelezo hayo ndiyo pekee ninayompa kila mteja bila kubagua, na nampa na kitupa kidogo cha kuweka kwenye pochi. Niliogopa kwamba watanimaliza kwa marekebisho ya bure. Haikuwa hivyo. Wanaokuja ni wachache, na kila anayekuja ananionyesha kucha inayorekebishika kwa dakika kumi, badala ya kucha iliyochunika ambayo sitaigusa kwa miezi.

Siku ya tatu namtumia ujumbe mfupi wenye swali moja kuhusu jambo lile lile tulilokubaliana. Kwa yule mama niliandika, "Glavu zimeshaning'inizwa?" Akanitumia picha ya ndoano.

Kwa wale ambao lazima watoe jeli wenyewe, labda wanasafiri, siwakatazi tena. Nawafundisha, kwa sababu nikikataa wataibandua. Piga tupa juu hadi mng'ao uishe, loweka kipande cha pamba kwenye asetoni, kile kimiminika cha kuondolea rangi, kifunge kwa foili, subiri dakika kumi hadi kumi na tano mbali na moto, maana asetoni inashika moto haraka. Kisha sukuma taratibu kwa kijiti cha mbao. Isiposogea, funga tena. Hapo kwenye "funga tena" nasisitiza sana, kwani ndipo subira inapowaishia watu wakaanza kukwangua.

Na jambo moja silipunguzi hata mteja akiwa na haraka kiasi gani: ukisikia kuwasha, uwekundu au vilengelenge kuzunguka kucha, hata siku kadhaa baada ya kutoka hapa, usinywee kimya ukasubiri kwisha. Niambie, tutoe, umwone daktari. Akrilati, kemikali zilizomo kwenye jeli, zikigusa ngozi kabla hazijakauka vizuri kwenye taa, zinaweza kuleta mzio, na mzio huo ukishaingia kwa kawaida hautoki. Kemikali za jamii hiyo zinatumika pia kuziba meno, kwa hiyo madhara yake hayaishii kwenye vidole.

Yule dada wa kidole gumba tulikaa naye miezi mitano bila kumpaka jeli kwenye kidole hicho. Kila akija nilimpiga picha sehemu ile ile, mkono umelala juu ya taulo lile lile, tukawa tunaziweka picha pamoja tuone lile baka jeupe limesogea kiasi gani kuelekea nchani. Alianza kunikumbusha yeye mwenyewe kabla sijaitafuta simu. Mafuta anapaka, kachupa kake kako kwenye meza ya kitandani. Mwezi wa sita tukampaka vidole vyote kumi.

Wiki moja baadaye aliingia saluni wakati nina mteja mwingine. Safari hii alikaa bila kuambiwa, akasubiri. Nilipomwita akaninyooshea kidole cha pete, kimefungwa plasta, kingo zimepigwa tupa vizuri.

"Iliinuka jana usiku," akasema. "Sijaigusa."