Bisi za nyumbani Dodoma, na mambo ya maji ndani ya punje

Mashine niliyo nayo ni ndogo, ile ya kisanduku cha vioo chenye sufuria inayoning'inia kwa ndani, na ndani ya sufuria kuna waya wa kukorogea unaozungushwa na mota. Ukishika mpini ukaiinamisha, bisi zinamwagika chini kwenye trei. Wauza bisi wa stendi na wa nje ya shule wanazo kubwa zaidi, zinazotumia gesi. Yangu inapokea nusu kikombe cha punje tu kwa mkupuo mmoja, na hiyo nusu kikombe ikipasuka vizuri inajaza bakuli la karibu lita 4. Jioni ya Jumamosi nyumbani inatosha, na isipotosha tunarudia.

Shemeji yangu aliituma kutoka Marekani ndani ya kontena. Kabla sijaiwasha nilisoma kibandiko cha nyuma: volti 120. Umeme wetu ni 230. Kwa kifaa cha kupasha joto, umeme ukizidi karibu mara mbili, joto haliongezeki mara mbili, linapanda hadi karibu mara nne, na waya wa ndani hauchukui muda kukatika. Nilitafuta transfoma ya kushusha umeme, nikachagua yenye uwezo wa mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye mashine ili isifanye kazi kwa kulemewa. Ukinunua mashine ya volti 230 madukani hapa, ruka aya hii yote.

Umeme ukishakuwa sawa, mashine haina mengi tena. Kazi yake ni kupasha mafuta, kukoroga, na kuachia mvuke utoke. Kilichobaki kipo ndani ya punje, nacho ni maji. Bisi nzuri inataka maji yakae ndani ya punje mpaka dakika ya mwisho, kisha punje ikishapasuka maji hayo yapotee upesi. Kila nilichobadilisha jikoni kwangu kinaangukia kwenye nusu moja ya jambo hilo au nyingine.

Nianze na ya ndani. Punje ya bisi ina ganda gumu lisilopitisha mvuke kirahisi, na katikati ina wanga uliobana pamoja na maji kidogo, yanayotakiwa yawe kama asilimia 14 ya uzito wake. Ukiipasha kwenye mafuta, maji yanafika nyuzi 100 lakini hayana pa kutokea. Joto linazidi kupanda, wanga unalainika, mgandamizo unaongezeka, na karibu na nyuzi 180 ganda linashindwa. Muda huo mgandamizo wa ndani ni kama mara nne ya upepo wa tairi la gari dogo. Ganda likipasuka, mvuke unatanuka ghafla, unauvuta wanga laini nje, nao unapoa na kukauka ukiwa umevimba. Ndiyo maana mahindi ya ugali hayafanyi hivyo hata uyapashe vipi: ganda lake linavuja na wanga wake ni wa aina nyingine.

Sasa fikiria Dodoma. Mvua zetu zinaanza kama Desemba na kuishia Aprili, baada ya hapo ni upepo na ukavu hadi mwaka unapoelekea kuisha. Gunia la bisi likikaa wazi sokoni mwezi wa tisa, punje zinakauka kupita kiasi. Ukizikaanga, nyingi zinagoma kabisa, na zinazopasuka zinatoka ndogo, kwa mlio dhaifu. Mtu atasema mashine haina joto, au mafuta mabaya. Mashine haina kosa. Punje haina maji ya kutosha kujipasua.

Dada yangu yuko Tanga, na kwake mambo ni kinyume chake. Kule hewa ina unyevu, bisi zake zilikuwa zinapasuka kwa kishindo kikubwa lakini zinatoka zimejikunja, zinavutika mdomoni. Alinipigia simu akilalamika.

"Punje zako umezihifadhi wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye mfuko jikoni, karibu na sinki."

"Basi zimenyonya maji, dada. Zianike kwenye ungo, juani, nusu siku tu, halafu kaanga kidogo uone."

Akaanika. Safari hiyo zikatoka zenye mabawa, zinavunjika mdomoni. Nikamwambia azihamishie kwenye chupa yenye mfuniko mzuri, maana akiziacha kwenye mfuko zitarudi kule kule.

Mimi nafanya kinyume cha dada. Namimina kilo moja ya punje kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, natia kijiko kikubwa kimoja cha maji, nafunga, natikisa mpaka kila punje ing'ae, naiacha. Natikisa tena asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili tatu nakaanga kiganja kimoja kwenye sufuria ya kawaida. Zikiendelea kugoma naongeza kijiko kingine na kusubiri tena. Hesabu yake ni hii: kilo ya punje iliyoshuka hadi asilimia 11 inahitaji kama gramu 35 za maji kurudi kwenye 14, yaani vijiko vikubwa viwili na ushee. Usimwage vyote kwa mara moja. Punje zikibaki na maji juu ya ganda zinaota ukungu, na punje zenye ukungu hazifai kuliwa, ni za kutupa.

Kununua nako kuna macho yake. Soko la Majengo kuna mzee mmoja ninayemwendea siku zote, na tunaanza kwa salamu kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo bisi tena?"

"Bisi tena. Haya ni ya msimu huu?"

"Ya msimu huu, ila yamekaa kwenye upepo. Wewe si unajua cha kuyafanya."

Ananiruhusu kutia mkono ndani ya gunia, na hapo ndipo nachunguza. Natoa kiganja, natandaza, natazama kila punje. Iliyobunguliwa na fukusi ina kitundu kidogo, na hicho kitundu ndicho mvuke utakapotokea, kwa hiyo haitapasuka. Iliyopasuliwa ganda na mashine ya kupukuchua nayo ni hivyo hivyo. Bisi zilizopukuchuliwa kwa mkono zinakuwa nzima zaidi, na naulizia hizo hata kama bei imezidi kidogo. Naulizia pia kama mahindi yamechanganywa na dawa ya fukusi, maana wafanyabiashara wengine huhifadhi nafaka hivyo. Mbegu za dukani za kupanda, zile zilizopakwa rangi, hizo ni za shambani peke yake, usizilete jikoni.

Nikifika kwenye mafuta, hapa ndipo mjadala wa nyumbani ulipo. Kipimo changu ni sehemu tatu za punje kwa sehemu moja ya mafuta, basi kwa nusu kikombe cha punje nahitaji karibu vijiko vikubwa vitatu vya mafuta. Yakipungua, punje zinaungua upande mmoja kabla joto halijazunguka. Yakizidi, bisi zinachuruzika. Alizeti, ya Singida au ya kwetu hapa, inafaa na ni rahisi kuipata, ila chagua iliyosafishwa, maana ile mbichi ya mashine ya kijijini inafuka moshi mapema na jikoni kunabaki na harufu. Mafuta ya nazi ndiyo yenye ile harufu ya kumbi za sinema za Marekani, kwani huko wanayatumia sana. Lakini nazi ya kukamuliwa nyumbani, tamu kwa wali, nayo inaanza kutoa moshi karibu na joto lile lile ambalo bisi zinapasukia. Ukitaka nazi, tafuta iliyosafishwa.

Mimi nimehamia kwenye samli. Ugogoni kuna ng'ombe, na samli nzuri inapatikana kwa akina mama wanaoipika wenyewe. Siagi ya kawaida ina maji ndani yake, zaidi ya kijiko kimoja katika kila vijiko saba, na maziwa yake yanaungua yakigusa sufuria ya moto. Ukiimwaga juu ya bisi zilizokwisha kupasuka, maji yale yanazilowesha na kuzisinyaza hapo hapo. Samli imeshapikwa mpaka maji yakaisha na machicha yakachujwa, kwa hiyo inavumilia joto na hailoweshi kitu. Natia vijiko viwili vya alizeti na kimoja cha samli kwenye sufuria, na nikitaka ladha zaidi nanyunyiza samli ya moto juu ya bisi mwishoni.

Utaratibu wenyewe hauna mambo mengi. Nawasha sufuria ikiwa tupu kwa dakika tatu nne, natia mafuta, naangusha punje tatu. Zikipasuka, najua mafuta yamefika, namwaga zilizobaki pamoja na chumvi, nafunga vifuniko, mota inakoroga. Kukoroga kwake kuna maana: punje zote zinapata joto sawa na zinafika kwenye kupasuka kwa wakati mmoja. Joto likiwa kali mno, ganda linapasuka kabla wanga wa ndani haujalainika na unapata bisi zenye kokwa gumu katikati. Likiwa dogo mno, mvuke unavuja polepole kupitia kwenye kitako cha punje, pale ilipokuwa imeshikana na gunzi, na punje inakauka ndani bila kupasuka. Mwendo mzuri, tangu kumwaga punje hadi kumaliza, ni kama dakika tatu.

Milio ikianza kuachana, ikipita sekunde mbili bila mlio mpya, nainamisha sufuria na kumwaga. Sisubiri punje ya mwisho. Anayesubiri ya mwisho anaunguza mia moja zilizotangulia.

Hapo ndipo ile nusu ya pili inaanza, maji ya nje. Bisi zilizotoka sasa hivi zimezungukwa na mvuke zilioutoa zenyewe. Mashine za sufuria zimejengwa kwa kulijua hilo: vifuniko vyake vimeachwa huru, vinasukumwa na bisi na kuachia mvuke, na chini trei ina vitundu. Naacha mlango wa kioo wazi kidogo, nazigeuza kwa kijiko cha mbao, chenga na zilizogoma zinadondoka kupitia vitundu, taa ya ndani inaendelea kuzikausha. Dakika mbili hivi. Asiye na mashine anaweza kufanya kazi ile ile kwenye jiko la gesi na sufuria nzito, ila mfuniko uwekwe kwa kuachia upenyo kidogo upande mmoja, na bisi zikishatoka zimwagwe kwenye chombo kipana, zisirundikwe kwenye bakuli lenye shingo nyembamba.

Mashine ya namna hii ina historia yake. Charles Cretors wa Chicago ndiye aliyeonyesha gari lake la kukaangia bisi kwa mafuta, ambalo mtambo wake wa kukaangia uliendeshwa na injini ya mvuke, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya mji huo mwaka 1893. Kabla ya hapo wauzaji wa kule walikuwa wakitikisa punje ndani ya kikapu cha waya juu ya moto, bila mafuta, na chumvi haikuwa na cha kuishikilia.

Chumvi nayo ilinipa kazi. Chumvi ya mawe inateleza juu ya bisi na kuishia chini ya bakuli, mtu wa mwisho anakula chumvi tupu. Naitia kwenye blenda, kavu kabisa, naisaga mpaka iwe vumbi. Umeme ukikatika natwanga kwenye kinu kidogo cha vitunguu saumu. Ikiwa vumbi, robo kijiko cha chai inatosha nusu kikombe cha punje, ikaingia kwenye mafuta pamoja na punje, na kila bisi inatoka imeshapata sehemu yake. Pilipili manga na bizari zinaungua kwenye sufuria, hizo nanyunyiza baadaye pamoja na samli.

Sukari ni habari nyingine. Wanangu wanaipenda, basi natia vijiko viwili vikubwa punje za kwanza zinapoanza kupasuka, kamwe si mapema, na namwaga kabla milio haijaachana sana kwa sababu sukari inaungua kwenye joto lile lile ambalo bisi zinalihitaji. Bisi zinazobaki bila kupasuka siku ya sukari ni nyingi zaidi, na hilo tumelikubali. Halafu sufuria lazima ishughulikiwe ikiwa bado ya moto: namwaga kikombe cha maji ndani, nachemsha, nazima umeme na kuchomoa waya ukutani, maji yakipoa kidogo namwaga na kufuta kwa kitambaa. Sufuria haizamishwi kwenye maji, waya zake za joto ziko chini yake. Mume wangu ndiye anayedai sukari kuliko watoto, na tumekubaliana kuwa siku ya sukari anaosha yeye.