AC ya chumba cha mama, nitengeneze au ninunue nyengine

Mama yangu ana presha na moyo wake si mzima, na kuanzia Disemba mpaka masika yashuke chumba chake hapa kwetu Chukwani, Unguja, hakikaliki bila ya AC. Nyumba yetu ni ya matofali na bati, dari la bodi tumelipiga juzi juzi tu, na ukuta wa chumba chake unatizama bahari, yaani magharibi, kwahiyo jua la alasiri lote linaishia pale. Kaskazi ikivuma nje kuna upepo mzuri lakini ndani fukuto, shuka zinalowa. Watu wa Mji Mkongwe wao angalau wana zile kuta nene za mawe na chokaa na dari ziko juu kule, sisi wa huku tofali la inchi sita linanyonya joto mchana kutwa halafu usiku ndio linakutemea.

Ndio mana mwaka 2015 tukanunua AC, ya BTU 12,000 (ndio kipimo cha nguvu ya kupoza), used ya kutoka Dubai, nikaona inatosha. Na wallahi ilitosha, miaka minane hivi haikutusumbua. 2023 ikaanza kutoa upepo bila baridi, fundi akaja akafunga geji akasema gesi imekwisha, akajaza, nikalipa 80,000, baridi ikarudi. 2024 vilevile, 80,000 nyengine. Wakati ule skujua kitu ambacho sasa nataka kila mwenye AC akijue: gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Si kama petroli ya gari. Inazunguka tu, inaingia ndani inabeba joto la chumba, inakwenda kulitupa nje, inarudi tena, na kama mashine haina tundu basi gesi ya siku ya kwanza ndio hiyo hiyo itakayokuwemo siku inang'olewa ukutani. Kwahiyo fundi akikwambia gesi imekwisha, ujue ipo pahala inavuja, na akijaza bila ya kupatafuta hapo pahala umenunua gesi ya kwenda hewani.

Sasa Februari 2025, wiki mbili kabla ya Ramadhani, ikafa kabisa. Feni ya ndani inazunguka, nje unasikia mngurumo wa sekunde tatu nne halafu kimya, baada ya dakika chache tena mngurumo, tena kimya. Fundi wa kwanza alikuwa kijana alieletwa na jirani. Alikaa kama dakika kumi, hakufungua hata skrubu moja, akasema dada hapa kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, imekufa na mashine yenyewe ya zamani, usipoteze pesa, mie ntakuletea mpya milioni moja na laki mbili mpaka kufunga.

Mama aliposikia bei akasema niiache. "Mwanangu, ule mwaka umeme ulipokatika miezi mitatu sikufa, leo ndio ntakufa kwa kukosa AC?" Anausema ule wa Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima kiza, sisi tukilala barazani na ndoo za maji pembeni. Ni kweli hakufa. Lakini mama wa mwaka ule alikuwa akienda sokoni Darajani asubuhi akirudi na kikapu kimejaa na bado anapika, mama wa leo akitoka jasho sana anazunguka kichwa lazima ashikwe, na ndio kwanza Ramadhani inaingia na yeye hataki kusikia habari ya kuacha kufunga. Sikumkubalia.

Nikamtafuta fundi mtu mzima wa Mwanakwerekwe, anatengeneza mafriji tangu mie nasoma skuli, kila mtu anamwita ami na mie namwita hivyo hivyo. Alikuja na mita yake. Akazima breka kwanza, akafungua boksi la nje, akatoa kidude kama kikopo, juu kimevimba. Akaniambia, "Tizama mwanangu, hii kapasita ndio inayoipa kompresa nguvu ya kuanza kuzunguka, hii ndio iliyokufa, kompresa yako nzima." Na hakunitaka nimuamini kwa maneno, aliipima kompresa zile pini zake tatu mie nimesimama hapo nnaona namba kwenye mita, hakuna waya wa ndani uliokatika na hakuna unaogusa bodi. Kapasita na ufundi, 25,000. Ikawaka ikapoza.

Nikasema alhamdulillahi yamekwisha. Ami akasema hayajakwisha, akataka kujua kwa nini imevimba. Tukakuta AC imeungwa kwenye waya mwembamba ule ule wa soketi za jikoni, friji huko, pasi huko, na kiungio cha nyuma ya soketi kimeungua kimekuwa cheusi. Akasubiri mpaka magharibi watu wamewasha vitu vyao akapima tena, volti 195 badala ya 230. Umeme ukiwa mdogo kompresa haifanyi kazi ndogo, inavuta ampea nyingi zaidi ili ijikokote, inapata moto, na kapasita inateseka. Miaka kumi tumelala na waya ule juu ya kitanda cha mama, nikikumbuka mpaka leo moyo unanienda mbio.

Katikati ya Ramadhani baridi ikaanza kupungua tena. Nikatoa filta nikaziosha, hakuna tafauti, nikaenda nje nikaona bomba lile jembamba linaota barafu. Ukiona hivyo na filta zako ni safi, mara nyingi gesi iko chini. Ami akaja baada ya tarawehe na sabuni ya maji na sponji, akapaka kwenye viungio vyote, hakuna povu. Ndipo akamulika tochi kwenye koili ya nje, yale mabomba yaliyojikunja ndani ya boksi, chini kabisa, upande wa bahari. Yale mapezi ya alumini ukiyagusa yanamomonyoka kama chokaa ya ukuta mbovu, unga mweupe mkononi, na nyuma yake kwenye bomba la shaba vipovu vidogo vidogo vinatoka pahala patatu. Shaba na alumini vikikaa pamoja halafu vikapata maji ya chumvi, alumini inaliwa, na sisi tulikuwa tumeitundika mashine ukuta unaopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja. Halafu akaniuliza unaiosha kwa maji gani. Nikamwambia ya kisima. Kisima chetu kina chumvi, chai yake tu unaijua. Yaani kila nilipoiosha nikidhani naitunza nlikuwa naipaka chumvi upya. Kama uko pwani osha boksi la nje, tena osha mara kwa mara, ila kwa maji ya bomba au ya mvua, na pampu isiwe na nguvu ya kuyapinda yale mapezi.

Sasa hapo ndio suala la kutengeneza au kununua likaja kweli kweli. Kuchomelea yale matundu matatu na kujaza gesi, 150,000, na ami mwenyewe akasema hawezi kuniahidi mana bomba lote la chini limeshakuwa jembamba, ukiziba hapa linatoboka pale. Koili nzima ya mashine ile hakuna, labda upate ya used nayo hujui imetoka wapi. Na gesi yenyewe ni R22, hii ndio ile inayokula tabaka la ozoni, Itifaki ya Montreal ya 1987 ndio inayoiondoa, na nchi zinazoendelea, sisi tumo, zinaipunguza hatua kwa hatua mpaka 2030 ibaki kidogo sana ya kuhudumia mashine za zamani. Kwahiyo hiyo safari ni ya kushuka tu. Na msikubali mtu akwambieni "ntakutilia 410 badala yake", ile ni gesi nyengine, inakwenda na presha kubwa zaidi na oili nyengine kabisa ndani ya kompresa, mashine ya R22 haikutengenezewa hayo. Ndio mana hata used za Dubai siku hizi mie naziogopa, rahisi dukani lakini huenda ikawa ni ya gesi hii hii.

Nlikaa na daftari. Gesi mara mbili 160,000, kapasita 25,000, sasa 150,000 nyengine isiyo na uhakika. Nikaongeza na umeme. Usiku mmoja nlizima kila kitu isipokuwa friji na AC nikasoma mita ya tukuza, hii ya umeme wa kulipia kabla, saa nne usiku, nikasoma tena saa kumi na moja alfajiri, zimekwenda yuniti saba na kitu. Nliyasoma hayo kabla ya gesi kushuka, mashine iko sawa. Ile ya zamani kompresa ama imewaka yote ama imezima, haina katikati, ya inveta, yaani yenye kompresa inayobadilisha mwendo, ikishapoza chumba inapunguza mwendo inabaki inanong'ona. Kwa chumba kama cha mama kinachowashwa usiku mzima na mchana kidogo, tafauti ni kubwa. Ingekuwa chumba cha wageni kinachowashwa saa moja kwa wiki nisingenunua, ningechomelea nikasubiri Mungu, mana saa moja inveta haijapata hata nafasi ya kupunguza mwendo.

Nikaamua kununua. Lakini ami akaniuliza suali ambalo hakuna muuzaji hata mmoja aliyeniuliza: "Hiyo mpya utaiweka wapi?" Nikamwambia pale pale, si mabomba yapo na tundu lipo. Akatikisa kichwa. "Ukiiweka pale pale mwanangu, mie na wewe tutaonana tena baada ya miaka minne."

Hapo ndipo nlipoelewa yule kijana wa mwanzo alikosea wapi. Mtu anaweza kusema mbona mwisho umenunua mpya kama alivyokwambia. Ndio, lakini kwake yeye mashine mpya ingefungwa ukuta ule ule, waya ule ule ulioungua, na mie ningeendelea kuiosha kwa maji ya kisima. Ningetoa milioni na laki mbili kwa kitu ambacho tayari kina maradhi yaliyokiua chenziwe.

Kwahiyo boksi la nje tukalihamisha upande wa mashariki, uani, chini ya kivuli cha mwembe ila mbali na majani. Bomba likatoka mita tatu likawa mita saba, shaba ikaniongezea gharama na gesi kidogo ya ziada ikabidi itiwe, nikalipa. Waya wake peke yake kutoka kwenye breka kubwa, na kinga ya umeme mdogo na mkubwa. Nikachagua yenye mapezi yaliyopakwa rangi ya kuzuia kutu, ile ya buluu, na gesi ya R32. Dukani walinisukuma nichukue BTU 18,000, eti Zanzibar kuna joto. Chumba cha mama ni mita tatu na nusu kwa nne na sasa kina dari, 12,000 inatosha, na kubwa kupita kiasi si sifa, inapoza hewa haraka inapumzika kabla haijakausha unyevu, unabaki na chumba cha baridi la majimaji, na kwetu sisi nusu ya joto ni huo unyevu.

Siku ya kufunga nlisimama pale pale mwanzo mpaka mwisho na simuonei haya fundi yeyote kwa hilo. Kabla ya kufungulia gesi alitoa hewa ndani ya mabomba kwa pampu ya vakyumu karibu nusu saa. Wapo wanaofungua gesi kidogo ipige ifukuze hewa wakakwambia tayari, hewa na unyevu vinabaki ndani vinaila mashine polepole, na hii R32 inashika moto kidogo, si ya kuchezewa hivyo. Ile R22 iliyobaki kwenye ya zamani aliivuta akaitia kwenye mtungi, hakuiachia hewani. Nlifurahi sana kwa hilo, jirani yangu mmoja yake ilifunguliwa tu ikapiga pssss mpaka ikamalizika.

Usiku wa kwanza nikasoma tukuza saa zile zile, friji na AC tu. Haikufika yuniti nne. Mama alilala mpaka nikamuamsha daku, kitu ambacho hakijatokea tangu Januari, akaniuliza kama imewashwa mana hasikii kelele.

Nimeandika kwenye kalenda ya jikoni kila baada ya miezi mitatu, mwanzo wa mwezi, maji ya bomba, filta na boksi la nje. Na Jumapili naenda Fuoni kwa khale, AC yake inadondosha maji ndani na kuna mtu ameshamwambia ni gesi. Nimempigia simu asimlipe mtu chochote mpaka nifike, nichungulie lile bomba la kutolea maji kwanza, huenda nyigu wamejenga.