Kokwa la embe, saa ya ukutani na Mathilde

Aliyenishauri nitumie pangaboi sijamsamehe mpaka leo.

Mpwa wangu ndiye aliyenianza, tumekaa barazani hapa Ngamiani. Kasoma habari za Mathilde, asteroidi, yaani jiwe la angani, ya ukanda mkuu, kule kati ya Mirihi na Mshtarii, inayochukua siku 17 na ushei kujizungusha mara moja. "Mjomba, si kinukta tu kile kwenye darubini? Wamejuaje kinazunguka?" Nikamjibu kwa madaha kuwa wanapima mwanga: jiwe si mviringo, likileta ubavu linang'aa, likileta ncha linafifia. Akaniangalia vile mama anavyomwangalia muuza samaki anayeapa changu ni wa asubuhi.

Basi nimwonyeshe. Jirani yetu, fundi wa kila kitu, akasema funga kiazi kwenye pangaboi, weka namba moja. Namba moja ya pangaboi letu ni namba tano ya watu wengine. Kiazi kilizunguka mara tatu hivi, nikaona kamba inalegea, nikapiga kelele "Zima!" Wapi! Kilishapita dirishani, kikatua uani kwenye sufuria ya mchuzi wa nazi. Mama akauliza, "Na hiyo ndiyo sayansi?" Sikujibu. Tena mwendo wenyewe haukuwa wa Mathilde hata kidogo.

Usiku, umeme umekatika, nikaisikia saa ya sebuleni: ta, ta, ta. Mshale wa dakika! Mzunguko mmoja kwa saa nzima, taratibu, bila kelele. Asubuhi nikaing'oa kioo, nikailaza chali, nikagandisha kokwa la embe lililokauka juu ya mshale, pale katikati ya saa unapozungukia, kwa gundi kali. Usiweke kiazi, mashine haina nguvu hizo. Boksi juu, tochi na simu upande mmoja, ile programu ya kupima mwanga ikiwa wazi.

Hapo nikajifanya mjuaji. Mathilde ni nyeusi kama mkaa, hurudisha asilimia 4 hivi tu ya mwanga, nami nikalipaka kokwa masizi. Simu ikasoma sifuri, sifuri, sifuri. Nikalisugua kwa mswaki na sabuni, palepale kwenye mshale.

Tukaandika kila baada ya dakika 5. Mpwa akachora: kilima, bonde, kilima, bonde. "Mjomba, inazunguka kwa dakika 30!" Nilikuwa karibu nimkubalie. Kumbe kokwa lina mbavu mbili, kwa hiyo mzunguko mmoja una vilima viwili.

Sasa Mathilde ni kama ule mshale mfupi, unaozunguka mara moja kwa saa 12, uliopunguzwa mwendo mara 35. Usiku mmoja unaambulia kipande kidogo tu cha kilima, lazima uunganishe siku na siku. Hata chombo cha angani cha NEAR, kilipoipita tarehe 27 Juni 1997 kwa umbali wa kilomita 1,200 hivi, hakikuiona yote. Chombo kina haraka, jiwe halina.

Mama nimemnunulia saa nyingine, elfu kumi na kitu. Kokwa halibanduki.