Ramani iliyoishia Holili

Semina iliisha mchana, Arusha, kwenye ukumbi ulio karibu na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tulikuwa walimu, maofisa wa maji na watu wa redio, baadhi yetu kutoka Kenya, tukijadili namna ya kuwaelimisha wananchi wa mpakani kuhusu vyanzo vya maji. Chakula kilikuwa kizuri, mada ndefu. Nilitoka na mkoba wa vipeperushi vya Bonde la Pangani, na badala ya kurudi nyumbani nikapanda Coaster ya Moshi. Tangu asubuhi tulikuwa tunauzungumzia mto wa bonde hilo, na hakuna aliyekuwa ametupeleka kuuona.

Ukivuka Tengeru na Usa River unapita chini ya Mlima Meru, na hapo maji yana habari zake. Watu wengi waliokulia vijiji vya huku wana meno ya kahawia kwa sababu ya fluoraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuiondoa, na njia mojawapo ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nakuru nako wana shida hiyohiyo na mkaa huohuo. Kwenye foleni ya chai mama mmoja wa Arumeru alijikuta amesimama nyuma ya mwalimu wa Nakuru, wakaanza kuulizana mfupa uchomwe kiasi gani ili maji yasinuke. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa mada bora ya siku, na haikuwa kwenye ratiba.

Baada ya Boma Ng'ombe mawingu yalifunguka, Kibo ikajitokeza. Kondakta akanyoosha kidole: "Ile theluji ndiyo inatunywesha wote." Abiria wakaitikia. Kipeperushi changu nacho kilikuwa na picha ya theluji kwenye jalada, kwa hiyo sikuwa na la kumlaumu. Lakini sivyo. Mchango wa barafu ya Kilimanjaro kwenye mito yetu ni mdogo mno. Maji yanatoka kwenye msitu, ule ukanda wa kijani unaouzunguka mlima, ambako upande wa kusini mvua inaweza kupita milimita 2,000 kwa mwaka. Inanyesha huko, inazama ardhini, inaibukia kwenye chemchemi za chini. Mtu akiamini maji ni theluji atailaumu dunia kwa kuyeyuka kwake, na panga lake msituni halimsumbui.

Moshi ndiko iliko Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Bonde hili ndilo lililotangulia mabonde mengine ya Tanzania kupata ofisi yake, mwaka 1991, na wazo lake lilikuwa la busara: kuyafuata maji na kuiacha mipaka ya mikoa. Kwa hiyo Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Tanga zimejikuta kwenye ramani moja. Bonde lina zaidi ya kilomita za mraba 43,000, na kama asilimia 5 hivi iko Kenya. Hiyo asilimia 5 ndiyo iliyonifanya nisilale Moshi.

Kwenye gari la Himo nilikaa na mzee aliyekuwa anarudi Marangu. Nilipomwamkia na kumweleza nilikotoka, akacheka kwa sauti. "Semina ya maji? Sisi semina yetu ilikuwa jembe." Akanisimulia mfongo wa ukoo wao, yaani mfereji wa jadi wa kumwagilia: siku ya kuusafisha kila kihamba, shamba la nyumbani la familia, kilitoa mtu, asiyefika alitozwa pombe, na aliyekaidi alikatiwa zamu yake. Mtoto aliyebeba matope siku nzima alijua maji yanaanzia wapi na yanaishia kwa nani. "Sasa wanatuletea karatasi," akasema. Nilikuwa nimeshika karatasi hizo. Nikazirudisha mkobani taratibu.

Asubuhi nilishuka Kifaru, nikachukua bodaboda hadi Ziwa Jipe. Nyuma yangu Milima ya Upare, mbele migunga na vumbi, ng'ambo ya ziwa ni Kenya, hifadhi ya Tsavo Magharibi. Nilifika nikauliza ziwa liko wapi. Mvuvi mmoja akanionyesha ukuta wa matete. "Liko huko nyuma, mwalimu. Mtumbwi unapita kwa kunyatia." Jipe ni ziwa la kina kifupi, hata mita 3 ni shida kuzipata, na kila udongo unaoshuka na mto unayapa matete mahali pa kusimama. Perege wapo, wakiwamo wa aina ambayo haipatikani nje ya bonde hili, ila wavuvi wanasema siku hizi nyavu zinarudi nyepesi.

"Udongo unatoka kwa Wakenya," akasema yule mvuvi, na wenzake wakakubali.

Nikamfungulia kipeperushi. Akakitazama sana, kidole kikifuata mstari wa buluu kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu kurudi nyuma kupitia Mto Ruvu hadi ziwani, kisha kikasimama. Kuvuka mpaka, ramani ilikuwa nyeupe tupu. Hakuna mji wa Taveta wala mto.

"Mbona huku peupe? Hakuna watu?"

Wapo, na mto upo. Lumi unaanzia kwenye miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, upande wetu, unaingia Kenya, unapita Taveta, halafu unamwaga maji Ziwa Jipe, na maji yakitoka ziwani yanarudi Tanzania. Nikachora hayo kwa kalamu pembeni ya kipeperushi. Wale wavuvi wakabishana. Kama Lumi unatokea kwetu, basi udongo ni wa nani? Mmoja akasema wa Warombo, mwingine akashikilia wa Taveta. Mabishano yao yalikuwa bora kuliko jibu lolote ambalo ningewapa, nikanyamaza. Niliwauliza tu kama wamesikia kwamba mwaka 2013 serikali hizi mbili zilikubaliana kusimamia pamoja maziwa ya Chala na Jipe na Mto Umba. Hakuna aliyesikia.

Kesho yake nilivuka Holili. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa mwaka 2016, kinakugongea mihuri ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Uhamiaji na forodha wameweza hilo. Watu wa elimu ya maji bado kila mmoja ana jengo lake.

Taveta ilikuwa siku ya soko. Ndizi, maharage, nyanya, na watu wengi wametoka upande wetu. Ukitaka kuwapata watu wa mto huu wa pande zote mbili kwa siku moja bila posho ya nauli, wako hapa, wamejileta wenyewe. Mwenye duka mmoja alinieleza, kwa uhakika uleule wa wavuvi wa Jipe, kwamba udongo wa Lumi unaletwa na Watanzania wanaolima mlimani hadi kingoni mwa mto. Ukiweka kauli yake pamoja na ya wale wavuvi unapata mto mzima.

Mama mmoja wa Himo, muuza ndizi, alikuwa anatusikiliza. Nikamwonyesha ramani yangu ya kalamu, nikamuuliza kama angekaa nusu saa hapohapo sokoni, yeye na wateja wake wa Taveta, waelezwe habari za Lumi na wao waeleze za kwao.

"Wewe ndiye utaeleza?"

"Mimi au mtu wa maji. Mmoja wetu, mmoja wa kwao."

Akamhesabia mteja chenji kwanza. "Njooni Jumatano. Jumamosi tuna kazi. Na msije asubuhi, njooni mzigo ukishaisha."

Nikaandika Jumatano, saa tisa, pembeni ya ramani, na namba yake ya simu chini.