Nilivyofanikiwa kutofautisha kiini cha seli na kiini cha atomu

Hivi viini viwili vilikua vinanichanganya sana, kimoja cha baiolojia kingine cha fizikia, na kilichonisaidia sio kukariri, ni kukiona kimoja kwa macho alafu kingine kukitafuta kwa hesabu.

Nilianza na cha seli. Nikabandua ule utando mwembamba wa ndani ya kitunguu, nikautandaza kwenye slaidi, tone la iodini juu, alafu kile kioo chembamba cha kufunikia unakishusha taratibu kwa upande ili mapovu yasiingie (hapa usiwe na haraka kabisa, povu moja tu linaziba unachotaka kuona). Kwenye hadubini nikaanza na lenzi ndogo nikapanda mpaka ukuzaji wa mara 400, zikatokea seli zimepangana safu safu, kila moja ina doa la kahawia limesukumwa pembeni maana katikati pamejaa vakuoli (mfuko wa majimaji wa seli). Hilo doa ndo kiini, mle ndo kuna DNA yenye maelekezo ya kutengeneza protini. Robert Brown, mtaalamu wa mimea, ndo aliyekipa jina mwaka 1831 akichunguza seli za okidi, na mimi nilikua nakitazama kitu kilekile, nilifurahi mno.

Cha atomu hukioni hivyo. Mwanafizikia Rutherford alikielezea 1911 baada ya wenzake Geiger na Marsden kurusha chembe za alfa (chembe ndogo sana zenye chaji chanya) kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu, nyingi zikapita tu ila chache sana zikarudi nyuma, kumbe ndani ya atomu kuna kitu kidogo, kizito, chenye chaji. Kina zaidi ya asilimia 99.9 ya uzito wa atomu, na bado ukikichora kama nukta ya milimita 1 atomu nzima inatakiwa iwe na upana wa makumi ya mita!

Hapo ndo ikaniingia. Lile doa la kahawia lenyewe limejengwa na matrilioni ya atomu na kila atomu ina kiini chake. Seli inanakili DNA, inagawanyika, inakufa, lakini viini vya kaboni humo ndani haviguswi, kemia yote ya seli inahusu elektroni tu. Kiini cha seli na cha atomu vinapokutana ni kwenye mionzi: kiini cha atomu isiyo imara kikivunjika kinatoa nishati inayoweza kukata DNA kwenye kiini cha seli, ndo maana mionzi inaweza kuleta saratani na hiyohiyo inatumika kuua seli za saratani.