Hanania alisema miaka miwili

Kuna mstari mmoja wa Biblia ambao tangu mume wangu apatwe na kiharusi nimetumiwa kwenye simu kuliko mwingine wowote, aghalabu ukiwa juu ya picha ya jua linalochomoza. Ni Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Unaandikwa kwenye vikombe, kalenda na kadi za mahafali. Sina ugomvi nao. Ila hakuna aliyewahi kunitumia mstari wa 10, ulio juu yake tu, ule unaotaja miaka 70.

Ile ilikuwa barua. Yeremia aliwaandikia watu ambao Nebukadneza alikuwa ameshawachukua mateka Babeli pamoja na mfalme wao Yekonia, na ukitaka kuielewa rudi nyuma sura moja. Humo yumo nabii aitwaye Hanania. Alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba katika miaka miwili mateka wangerudi, na vyombo vya hekalu navyo vingerudi. Akaichukua nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia kama ishara ya kuitumikia Babeli, akaivunja. Ninachokipenda ni jibu la Yeremia: alisema Amina, BWANA na atende hivyo. Yaani hata yeye alitamani iwe kweli! Ndipo baadaye akawaandikia wale mateka neno gumu: jengeni nyumba mkae ndani yake, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ozeni watoto wenu, uombeeni amani mji mlipo. Mtakaa sana.

Nawafahamu akina Hanania wangu, na si watu wabaya. Wanatupenda, na ndiyo maana wanashindwa kuvumilia kutuona hivi. Mmoja aliniambia mume wangu angetembea kabla mwaka haujaisha. Mwingine alioteshwa ndoto, akaja na mwezi kabisa. Mwaka ukaisha, mwezi ukapita, nao wakaacha kuja. Hili sikulitegemea. Nilidhani unabii usipotimia nitamkasirikia Mungu. Kumbe kilichotokea ni kwamba waliotabiri waliona aibu kukanyaga kwangu. Nawakumbuka sana. Laiti wangekuja na mikono mitupu bila tarehe yoyote, tungekuwa bado tunakaa pamoja jioni.

Kumuuguza mtu aliyepooza upande mmoja ni kazi ya saa, si ya siku. Anayeshindwa kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo ngozi inaanza kufa pale uzito unapolala: visigino, nyonga, chini ya mgongo. Nilifundishwa kubonyeza kwa kidole sehemu yenye wekundu nione kama inageuka nyeupe kisha rangi irudi. Ila kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu hujificha, kwa hiyo unapapasa kwa mgongo wa mkono kutafuta palipo na joto au ugumu kuliko pembeni. Saa nane za usiku, taa ndogo imewashwa, naweka kiganja chini ya kisigino cha mume wangu nikisikiliza joto. Mara nyingi hayo ndiyo maombi yangu ya usiku mzima, na sina mengine.

Maana maneno yaliniishia mapema. Kwa muda mrefu nilichoweza kusoma kilikuwa Zaburi ya 88 peke yake. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mahali fulani, aliyeanza kwa kuuliza "hata lini?" humaliza kwa kusifu, kama ile ya 13. Hii ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kulia mchana na usiku, inauliza maswali ambayo hayajibiwi, na inaishia gizani. Haikufutwa, wala hakuna aliyeiongezea aya ya mwisho yenye faraja. Imewekwa humo kama wimbo wa wana wa Kora, maana yake watu waliiimba pamoja katika ibada. Nilipotambua hilo nilipumua. Kumlalamikia Mungu uso kwa uso kulikuwa kumo ndani ya imani tangu zamani, na anayelalamika bado anaamini kuna anayesikia.

Basi siku moja tukamwita fundi, akatoboa ukuta wa bafuni na kufunga vishikio viwili vya chuma, kimoja kando ya choo na kingine pale anapoogea. Akapanua na mlango ili kiti cha magurudumu kipite bila kukwaruza mikono. Shemeji yangu akaja, akavitazama, akauliza: "Sasa shemeji, hivi vyuma ndiyo kusema mmekubali?" Hakuwa na ubaya. Kwake chuma ukutani kilikuwa ungamo kwamba hatumtarajii Mungu tena.

Nilimsimulia habari za shamba la Anathothi. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi, na ametabiri kwa kinywa chake kwamba mji utatekwa. Hapo hapo binamu yake Hanameli anakuja kumuuzia shamba, na Yeremia analinunua. Analipa shekeli 17 za fedha zilizopimwa kwenye mizani, mashahidi wanatia sahihi, hati inatiwa muhuri, kisha mwandishi wake Baruku anaamriwa aiweke katika chombo cha udongo ili ikae siku nyingi. Sura ya 32 inaeleza hatua zote hizo kwa utulivu wa mwandishi wa mikataba, na nadhani ni makusudi. Tumaini lake lilikuwa na karatasi, mashahidi na bei, katikati ya vita. Nami vyuma vyangu naviona hivyo hivyo. Mtu aliyekata tamaa hafungi kishikio, anamwacha mgonjwa kitandani. Shemeji alicheka, akasema nimekuwa mwanasheria. Siku hizi yeye ndiye humshika mume wangu akioga.

Hapo naomba nimsemee mgonjwa kidogo. Anayeombewa mara nyingi asipone huanza kuulizwa, kwa maneno au kwa macho, kama imani yake ni haba. Lakini katika Marko sura ya 2 yule mwenye kupooza hasemi neno lolote. Wanne wamembeba, wametoboa dari ya nyumba ya watu, wamemteremsha na godoro lake. Na Marko anaandika kwamba Yesu aliiona imani yao. Kumbe mgonjwa anaweza kubebwa kwa imani ya wengine bila kuambiwa aongeze yake kwanza. Anayeuguza pia. Kuna mama mmoja wa kanisani kwetu ambaye hajawahi kunitabiria chochote. Huja, huosha vyombo, hukunja mashuka, huondoka. Akiomba, huomba kwa sentensi mbili, tena ya pili ni ya kuaga.

Mume wangu hazungumzi. Anaelewa mengi, anacheka panapochekesha, lakini akitafuta jina langu linakwama, analisaka kwa mkono mzima hewani, kisha anakasirika. Jioni moja nilikuwa nasema Sala ya Bwana kwa mazoea tu huku nikipanga dawa za kesho, na nilipofika "ufalme wako uje" nikasikia sauti ya pili. Akaendelea nami hadi mwisho, wazi, bila kukwama, "utupe leo riziki yetu" ikiwa na kila silabi yake.

Nililia, si vizuri kuficha. Kesho yake mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alinieleza kwamba hutokea: maneno yaliyorudiwa maisha yote, kama sala, nyimbo na kuhesabu, huweza kubaki hata pale njia ya kutunga sentensi mpya imeharibika. Alinieleza kwa upole, nadhani akiogopa kunivunjia muujiza wangu. Haukuvunjika, kwa sababu sikuwa nimeuita muujiza. Nilichokiona ni kwamba kitu alichokipanda mama mkwe wangu ndani ya mtoto wake mdogo kimesalia wakati jina la mke limepotea, na wivu wangu juu ya hilo ulidumu nusu siku hivi. Sasa tunaisali pamoja asubuhi na jioni. Ni mazungumzo pekee ambayo tunaongea wote wawili.

Kuhusu uponyaji, bado naomba. Naomba kama Yeremia alivyosema Amina kwa Hanania, kwa moyo wote. Lakini sisubiri uje ndipo niishi. Warumi 8 inasema hata sisi tulio na Roho tunaugua ndani ya nafsi zetu tukiutazamia ukombozi wa mwili wetu. Paulo anataja mwili, huu huu wenye visigino na mkono usiofunguka, nami naushikilia mstari huo bila tarehe. Kwenye kiti cha magurudumu au nje yake, mume wangu hajamaliziwa.

Kwa leo kuna kazi. Binti yetu amekuja na mipira laini ya kukamua kwa vidole, na baba yake ameshaurusha mmoja chini ya kabati kwa hasira. Jumamosi yule mama wa kanisani atakaa naye ili nikapime macho, maana herufi za Biblia zimeanza kunikimbia, na nikirudi nataka kuianza Ayubu.