Mnajuaje? Siku ya Isimila na Kalenga

Mwaka 2006 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni Mafinga. Ziara ya somo la Historia ilikuwa imeahirishwa kila muhula kwa sababu ya fedha. Kwa hiyo basi lilipofika getini alfajiri ya Jumamosi moja ya Julai, na baridi ya kule mnaijua, hakuna aliyelalamika. Maandazi tuligawiwa tukiwa njiani, na yaliisha kabla hatujafika Ifunda.

Kwanza Isimila, eneo la mabaki ya kale karibu na mji wa Iringa. Tulishuka korongoni tukapita kati ya nguzo za mchanga zilizochongwa na maji ya mvua miaka nenda rudi, ndefu kiasi cha kuumiza shingo. Wavulana wakaanza kuwafukuza pimbi mpaka mwalimu akapaza sauti.

Mzee aliyetutembeza aliokota jiwe, akaniwekea mkononi. Lilikuwa zito kuliko nilivyotegemea, pana upande mmoja na limechongoka upande wa pili, na kiganja kilijua chenyewe pa kulishikia. Shoka la Zama za Mawe za Kale, akasema. Zana hizo zilianza kutambuliwa pale mwaka 1951, na wanaakiolojia wakaja kuchimba miaka ile ile ya hamsini.

Darasani tulikuwa na msichana tuliyembatiza Mama Mbona. Akanyoosha mkono.

"Shikamoo mzee. Mnajuaje kama ni shoka? Si huenda jiwe limepasuka lenyewe?"

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu lipapase."

Akampitisha kidole kwenye alama za kumeguliwa, moja baada ya nyingine, kisha akaligeuza: upande wa pili nao ulimeguliwa vilevile, ncha zikakutana. Akamwonyesha na mengine yaliyotapakaa chini, umbo lile lile. Mama Mbona akaridhika, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Kalenga, iliyokuwa ngome ya Wahehe, tulifika jua limeshakuwa kali. Jumba la makumbusho ni dogo, unaweza kulipita usilione. Ndani kuna mikuki, bunduki, na ndani ya sanduku la kioo, fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Mwongozaji alieleza bila haraka: Lugalo 1891, Wahehe walipowavamia Wajerumani na kamanda wao Zelewski akauawa, ngome ya Kalenga ilivyopigwa mizinga ikaanguka 1894, miaka ya kuwindwa porini, na Julai 1898, Mkwawa alipojipiga risasi ili asikamatwe hai. Kichwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza kirudishwe, lakini fuvu lilifika 1954, likakabidhiwa na Gavana Twining kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa.

Mkono ule ule ukanyooka.

"Mnajuaje kama ni lake?"

Mwalimu alimkazia macho. Mwongozaji hakukasirika. Alisema kule Bremen, Ujerumani, kulikuwa na mafuvu mengi, wakachagua kwa vipimo vilivyolingana na vichwa vya watu wa ukoo wake, na kwa tundu la risasi.

"Kwa hiyo walikisia?"

Hapo ndipo binti mmoja wa Kihehe, mpole asiyewahi kubishana na mtu, akageuka. "Babu yangu alikuwepo siku linarudishwa. Mbona yeye hakuuliza?"

Basi zima liligawanyika kuanzia Kalenga hadi Mafinga. Wengine walisema ushahidi ni ushahidi, liwe jiwe au mfalme. Wengine walisema Wajerumani ndio waliokata kichwa, halafu leo sisi ndio tudaiwe risiti? Dereva naye akachangia, akaambiwa aangalie barabara. Mimi nilikaa kimya, ingawa nilikuwa upande wa Mama Mbona, na bado niko huko. Ila swali lile angemuuliza mwalimu nje, chini ya mti. Mule ndani, mbele ya wenyewe, lilisikika kama dharau, hata kama halikuwa dharau.

Jumatatu mwalimu, yule yule aliyekaza macho, aliliandika swali ubaoni kama zoezi la nyumbani: fuvu la Kalenga linathibitishwa na nini, na kwa nani uthibitisho huo unatosha? Binti wa Kihehe alileta kurasa nne, zimejaa maneno ya babu yake. Mama Mbona alileta nusu ukurasa, akadai wino ulimwishia.